Mabwawa ya Tana na biashara ya mchanga: nani apime kina cha mto?

Kila maji yanapopungua katika mabwawa ya kufua umeme ya Mto Tana nchini Kenya, na kila yanapofurika, wazo moja hurejea midomoni mwa wanasiasa na wafanyabiashara. Wazo lenyewe ni kwamba tope na mchanga uliojaa humo uchimbwe kwa mitambo na kuuzwa. Serikali, wanasema, haitatoa hata senti moja. Bwawa litapata nafasi ya maji, makandarasi wa Nairobi watapata mchanga, na vijana wa Machakos na Embu watapata ajira.

Ni wazo lenye mvuto, na wanaolitetea si wajinga. Tatizo la tope lipo, tena ni kubwa. Lakini kabla ya mtambo wa kwanza kuteremshwa majini lipo swali linalopasa kujibiwa, na sheria za Afrika Mashariki bado hazijalijibu vizuri: je, mamlaka zinazotoa vibali hukagua fomu ya mwombaji, au hukagua mto wenyewe? Fomu inaweza kuwa safi na mto ukafa. Katika jambo hili, tofauti kati ya ukaguzi wa aina moja na wa aina nyingine ndiyo tofauti kati ya tiba na sumu.

Mabwawa matano, mto mmoja

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Unaanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unapita nyanda kame za Ukambani, Garissa na Hola, na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Katikati ya safari hiyo yamejengwa mabwawa matano yanayofuatana mithili ya ngazi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ndilo la kwanza kukamilika, mwaka 1968, na Kiambere likafuata la mwisho mwaka 1988. Kwa jumla mitambo yake ina uwezo wa takriban megawati 600.

Masinga, lililokamilika mwaka 1981, lina mtambo mdogo kuliko mengine, megawati 40 tu. Hata hivyo ndilo ghala la wenziwe. Liliundwa kuhifadhi mita za ujazo bilioni 1.56 za maji, ili maji ya masika yatumike wakati wa kiangazi katika mitambo yote iliyo chini yake. Ghala hilo likipungua, ngazi nzima hupungukiwa. Wakenya walionja uchungu wake mwaka 2000, pale ukame ulipoleta mgao mkali wa umeme, na tena mwaka 2009, maji yalipopungua kiasi cha kufanya mtambo wa Masinga uzimwe.

Tangu wakati huo Kenya imejenga mitambo mingi ya mvuke wa ardhini huko Olkaria na ya upepo huko Turkana, na utegemezi wake kwa mito umepungua. Lakini nguvu ya maji bado ina kazi ambayo upepo na jua haviwezi kuifanya. Inaweza kuwashwa na kuzimwa kwa dakika chache, jioni inapoingia na mamilioni ya watu wakawasha taa kwa pamoja. Kwa hiyo kila mita ya ujazo ya maji inayopotea Masinga ina bei yake.

Adui aliyetoka mlimani

Wahandisi waliobuni Masinga walikadiria kwamba bwawa hilo lingepokea mita za ujazo milioni 3 za mashapo kila mwaka. Kwa hesabu hiyo lingeishi miaka 500. Vipimo vilivyofanywa baadaye vimeonyesha kwamba kasi halisi ni zaidi ya mara mbili ya makadirio hayo. Bwawa halijafa, wala halitakufa kesho, lakini linazeeka upesi kuliko ilivyotarajiwa.

Tope hilo halikuzaliwa bwawani. Ni udongo mwekundu wa mashamba ya Murang'a, Nyeri na Kirinyaga, ulioachwa bila majani wala matuta. Ni udongo wa barabara za vumbi zisizo na mitaro mizuri, na wa kingo za mito zilizolimwa hadi ukingoni mwa maji. Mito ya Thika, Maragua, Saba Saba na Tana yenyewe hubeba mzigo huo na kuutua mahali maji yanapotulia, nako ni Masinga.

Si Kenya peke yake yenye maradhi haya. Bwawa la Sanmenxia katika Mto Manjano nchini China lilianza kujazwa maji mwaka 1960, na ndani ya miaka michache likawa limejaa tope kiasi kwamba ililazimu kulijenga upya, likafunguliwa milango ya chini ya kusukumia tope nje. Kwa kukisia, mabwawa ya dunia hupoteza kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya ujazo wao kila mwaka kwa sababu ya mashapo. Kila nchi inayotegemea mabwawa italazimika kuchagua namna ya kuyashughulikia.

Hesabu ya malori

Hapa ndipo mfanyabiashara wa mchanga anapobisha hodi, na inafaa kumkaribisha kwa hesabu badala ya hisia.

Tuchukue makadirio yale ya zamani, mita za ujazo milioni 3 kwa mwaka, ingawa kiasi halisi ni kikubwa zaidi. Tuseme lori moja hubeba mita za ujazo 10. Ili kuondoa tope la mwaka mmoja tu, bila kugusa lililokwisha kutuama tangu mwaka 1981, zingehitajika safari 300,000. Hizo ni safari zaidi ya 800 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kwa kasi halisi ya mashapo, idadi hiyo inapita 1,600. Barabara za Masinga na Mbeere haziwezi kubeba msafara wa namna hiyo. Hata lingetafutwa shimo la kumwagia tope hilo, lingejaa na mvua ya kwanza ingelirudisha mtoni.

Maana ya hesabu hii si kwamba uchimbaji hauna faida yoyote. Maana yake ni kwamba uchimbaji wa kibiashara hauwezi kuwa tiba ya bwawa zima. Unaweza kusafisha mlango wa mto, au sehemu iliyo mbele ya njia ya kuingizia maji mitamboni. Anayeahidi zaidi ya hapo anauza kitu asicho nacho. Ndiyo maana KenGen, kampuni inayoendesha mitambo hiyo, imekuwa ikizungumzia kwa miaka mingi mpango tofauti kabisa, wa kuinua ukuta wa Masinga kwa mita 1.5 ili kupata nafasi juu badala ya kuitafuta chini.

Kinachouzwa sicho kinachojaa

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi mara kwa mara. Mto unapoingia bwawani huanza kupoteza kasi. Kwanza hutua vitu vizito, yaani changarawe na mchanga mkavu wa ujenzi. Tope laini la mfinyanzi huendelea mbele hadi karibu na ukuta, likatua polepole vilindini.

Mjenzi anataka mchanga. Hataki mfinyanzi, kwa kuwa zege lililochanganywa na mfinyanzi hupasuka. Kwa hiyo mwenye mtambo wa kunyonya mchanga, akiachiwa achague mwenyewe, atakwenda kwenye mdomo wa mto na kuupanda mto, siyo kwenye vilindi mbele ya ukuta. Atachukua chenye bei na kuacha chenye madhara. Haki itendeke kwa kusema kwamba mchanga unaotua mdomoni nao hula nafasi ya maji, na kuuondoa kuna manufaa kiasi. Lakini mchanga huo ukiisha mitambo haitahama kwenda kwenye tope. Itapanda juu, ndani ya mto wenyewe, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Wasomaji wetu walioko Riyadh, Jeddah au Muscat huenda wakashangaa kusikia mchanga unagombewa, wakati wao wamezungukwa na jangwa. Lakini punje za mchanga wa jangwani zimeviringwa na upepo zikawa laini, na haziishikamani vizuri katika zege. Mchanga unaotafutwa na wajenzi, hata katika nchi za Ghuba, ni ule wenye punje za kukwaruza, unaotoka mitoni, ziwani na machimboni. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake Nairobi, lilikadiria mwaka 2022 kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kwa mwaka. Baada ya maji, hakuna mali ya asili inayotumiwa kwa wingi zaidi, na ni chache zinazosimamiwa kwa ulegevu zaidi.

Mto ukichimbwa, hujibu

Mto si mfereji wa saruji. Ukichimba shimo katikati yake, maji yanayolifikia huongeza kasi na kuanza kula sakafu ya mto kurudi nyuma, kuelekea juu. Shimo lililochimbwa leo mahali pamoja linaweza kudhoofisha nguzo za daraja lililo mbali, baada ya misimu kadhaa. Kingo hubomoka na mashamba hutumbukia. Udongo wa mashamba hayo nao huteremka, na tukirejea kwenye mfano wetu, huishia Masinga. Kwa maneno mengine, uchimbaji uliokusudiwa kupunguza tope bwawani unaweza, usipopimwa, kuliongeza.

Chini ya ukuta mambo ni tofauti, lakini si mema zaidi. Maji yanayotoka bwawani yameacha mchanga wake nyuma, na hula sakafu na kingo za mto ili kufidia alichonyimwa mto. Wakulima wa Garissa na Wapokomo wa Tana ya chini wamekuwa wakiishi na mabadiliko hayo tangu mabwawa yalipojengwa. Mchanga uliobaki katika sehemu hiyo ukichimbwa nao, mto utaingia katika deni juu ya deni.

Ukambani wanalijua jambo hili pasipo kufundishwa na wahandisi. Katika mito ya msimu ya Kitui, Makueni na Machakos, mchanga ndio tangi la maji. Mvua hunyesha kwa wiki chache, maji hujificha ndani ya mchanga, na wakati wa kiangazi akina mama huyafukua kwa mikono. Ndiyo sababu wenyeji wamejenga mabwawa ya mchanga kwa mamia, ili mchanga usiende zake. Lori linapoondoka na mchanga wa mto kama huo, huondoka na kisima cha kijiji. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, baada ya miaka ya ugomvi ulioleta majeruhi na vifo.

Walinzi wengi, mlango wazi

Nani basi hulinda mto? Jibu fupi ni kwamba wanaoulinda ni wengi mno.

Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, hutoa leseni kwa mujibu wa sheria ya mazingira ya mwaka 1999, baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Mamlaka ya Rasilimali za Maji husimamia mto kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Sheria ya Madini ya mwaka huo huo nayo inagusa madini ya ujenzi. Kaunti hutoza ushuru wa lori. TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi iliyoundwa mwaka 1974, na KenGen yenye kuendesha mitambo, zimekuwa na mzozo wa muda mrefu kuhusu nani hasa mwenye bwawa la Masinga. Machakos, Embu na Kitui, ambazo ardhi yao imepakana na mabwawa, nazo zinadai sehemu ya mapato yake.

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila mmoja wa wakubwa hawa anaweza kuweka muhuri kwenye karatasi yake, na asiwepo hata mmoja aliyejumlisha karatasi zote. Mchimbaji mmoja anaomba kipande cha mto cha urefu wa mita mia kadhaa, na tathmini yake inaonyesha kwamba madhara ni madogo. Wa pili anaomba kipande kinachofuata, na tathmini yake inasema vilevile. Wa kumi naye hivyo hivyo. Kila tathmini inaweza kuwa ya kweli, na jumla yake ikawa msiba.

Zaidi ya hayo, utaratibu wenyewe una kasoro mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni kwamba mtaalamu anayeandika tathmini hulipwa na anayeomba leseni. Ya pili ni lugha. Matangazo yanaweza kusomwa redioni kwa lugha za wenyeji, lakini ripoti yenyewe, yenye kurasa mamia, kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mvuvi wa Masinga anaambiwa atoe maoni kuhusu kitabu asichoweza kukisoma.

Mwongozo wa taifa wa uvunaji wa mchanga wa mwaka 2007 unataka uchimbaji ukae mbali na madaraja, barabara na miundombinu mingine, kwa umbali unaohesabiwa kwa mita. Ni kanuni njema. Lakini kama tulivyoona, shimo mtoni husafiri. Umbali uliowekwa siku ya leseni hauna maana kama hakuna anayerudi kupima baada ya masika.

Funzo la Lwera na la Kansas

Uganda imekwisha kulipia somo hili. Lwera ni ardhi oevu iliyo kando ya Ziwa Victoria, katika barabara kuu ya kutoka Kampala kwenda Masaka. Kwa miaka mingi katiba ya nchi hiyo haikuhesabu mchanga wa kawaida wa ujenzi kuwa ni madini, hivyo mzigo mkubwa wa usimamizi ukaangukia mamlaka ya mazingira. Wachimbaji wenye majembe walifuatiwa na makampuni yenye mitambo ya kunyonya mchanga kutoka chini ya maji, na mashimo yao yakageuka vidimbwi vikubwa vinavyoonekana kutoka barabarani. Leseni zilisimamishwa, zikapitiwa upya, zikatolewa tena, na malalamiko hayakukoma. Mwezi Mei 2023 daraja la Katonga katika barabara hiyo hiyo lilifungwa baada ya mafuriko, na safari za kwenda kusini-magharibi mwa nchi na Rwanda zikavurugika. Chanzo kilichotajwa ni mvua kubwa, ingawa wengi walinyoosha kidole kwa wachimbaji. Ubishi huo unadumu kwa sababu moja: penye upungufu wa vipimo vya kabla na baada, kila mtu hubaki na dhana yake.

Mbali na Afrika, upo mfano unaofaa kutazamwa kwa sababu ya usahili wake. Katika Mto Kansas nchini Marekani, ambao mjini Lawrence una bwawa dogo la kufua umeme la tangu karne ya 19, makampuni yamekuwa yakichimba mchanga kwa miongo mingi. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, ambacho ndicho hutoa vibali, kilikamilisha tathmini ya mto mzima mwaka 1990, siyo ya mwombaji mmoja mmoja. Kutokana nayo ikawekwa kanuni ambayo hata mtoto anaweza kuielewa. Sakafu ya mto hupimwa mara kwa mara, na ikishuka kwa wastani wa futi 2, yaani takriban sentimita 60, katika kipande cha maili 5, uchimbaji katika kipande hicho husimama.

Kanuni hiyo haikumaliza mabishano, na wapo watunza mazingira wanaoiona kuwa ni legevu. Lakini tazama ilivyobadilisha mzigo wa ushahidi. Mwanakijiji hatakiwi kuthibitisha kwamba mchimbaji fulani ndiye aliyemwangushia shamba. Mto wenyewe ndio shahidi, na rula ndiyo hakimu. Kina kikifika alama, kazi inasimama, awe mwenye leseni ni mkubwa au mdogo, ana rafiki serikalini au hana.

Marufuku si jawabu

Wapo watakaosema basi uchimbaji upigwe marufuku, yaishe. Kitui ilijaribu. Januari 2018 gavana wa wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku usafirishaji wa mkaa na mchanga kutoka katika kaunti hiyo. Haukupita muda, lori lilichomwa moto, na mvutano ukageuka kuwa wa kisiasa na wa kikabila. Nairobi haikuacha kujenga. Marufuku isiyo na mbadala mara nyingi hupandisha bei ya mchanga na kuhamisha biashara kwenda usiku.

Nyuma ya kila lori wapo vijana wanaopakia kwa sepetu, ambao hawana shamba wala ajira nyingine. Wanalipwa kidogo, na ukuta wa mchanga ukiporomoka wao ndio hufukiwa. Madalali na wenye malori ndio hupata faida. Mtambo wa kunyonya mchanga, ukiletwa, hautawaajiri vijana hao kama inavyoahidiwa. Mtambo mmoja unafanya kazi ya mikono mingi, na hiyo ndiyo sababu ya kuununua. Ukaguzi wa leseni usiouliza swali hilo utakuwa umetoa riziki ya wengi na kuitia katika mfuko wa mmoja.

Upande wa juu wa mto nao una historia ya kutahadharisha. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanawake wa Murang'a kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mwaka 1947 na 1948 waligoma na kuandamana. Matuta yenyewe yalikuwa na maana, bali ubabe ndio uliokataliwa. Leo kazi ile ile inafanywa kwa njia nyingine. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa mwaka 2015, huwasaidia wakulima kwa miche, nyasi za kuzuia udongo na vidimbwi vya maji ya mvua, na KenGen ni miongoni mwa washirika wake. Uchambuzi uliotangulia mfuko huo ulikadiria kwamba dola milioni 10 zikitumiwa mashambani zingeleta manufaa ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Udongo unaobaki shambani hauhitaji lori la kuuondoa bwawani.

Ukaguzi unaostahili jina hilo

Kutokana na hayo yote, ukaguzi wa uchimbaji wa kibiashara karibu na mabwawa ya Tana ungepasa kuwa na mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji maarifa ambayo Kenya haina.

Kwanza, mto upimwe kabla ya leseni yoyote: sakafu yake, kingo zake na aina ya mashapo yaliyopo kila sehemu. Pili, tathmini iwe moja kwa kipande chote cha mto na bwawa, na wachimbaji wote wagawane kiasi kilichoruhusiwa, badala ya kila mmoja kuhesabiwa peke yake. Tatu, iwekwe alama ya kusimama, inayojulikana tangu mwanzo, ambayo kina kikiifikia kazi inakoma bila kusubiri amri ya waziri. Nne, vipimo vichapishwe kwa Kiswahili na lugha za wenyeji, na ramani zibandikwe mahali ambapo mvuvi na mkulima wataziona.

La nne ndilo jepesi kuliko yote kwa gharama, na ndilo zito kuliko yote kwa wakubwa. Kenya ina Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, na katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Mahakama zimekwisha kuonyesha kwamba maneno hayo yana meno. Juni 26, 2019, baraza la taifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ambayo NEMA ilikuwa imeitoa mwaka 2016 kwa mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Lamu. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi wa mabilioni ulisimamishwa na wavuvi na wakazi wa mji mkongwe waliodai kuonyeshwa kilichoandikwa.

Wenye mitambo ya mchanga hawana budi kulizingatia hilo kwa faida yao wenyewe. Leseni iliyopatikana gizani ni mali isiyo na bima. Inaweza kufutwa siku yoyote, mitambo ikiwa tayari majini na mkopo wa benki ukiwa unadaiwa.

Mwezi Aprili na Mei 2024, Masinga lilifurika na mabwawa yaliyo chini yake yakajaa, huku wakazi wa Garissa na Tana River wakihama makwao kwa mafuriko. Miaka 15 kabla ya hapo mtambo wa bwawa lile lile ulizimwa kwa ukame. Bwawa linalopungua kina hufurika mapema wakati wa mvua na kukauka mapema wakati wa kiangazi, na wanaoumia ni wale wale mara zote mbili. Wao ndio wenye haki ya kwanza kujua ni kiasi gani cha mchanga kinachotoka, kinakwenda wapi, na sakafu ya mto imeshuka kwa sentimita ngapi tangu lori la kwanza lilipoondoka.